Sachi ya ploti yako mwenyewe: ifanye, halafu ujue kuisoma

Hapa Nairobi mtu anafanya sachi, yaani kuuliza rekodi ya ardhi kwa msajili, mara moja maishani, siku ile ananunua. Hatimiliki ikitoka anaiweka kwa bahasha ya kaki, bahasha inaingia kwa sanduku la mama ama chini ya godoro, na hapo maneno ya ardhi yanaisha mpaka siku ya kuuza ama siku ya matanga. Naandikia huyo mtu. Mnunuzi siku hizi ashaambiwa ajihadhari mpaka masikio yamechoka, lakini mwenye ploti anadhani karatasi iliyo kwa sanduku ndiyo ardhi, na sivyo.

Ardhi yako kisheria iko kwa rejista. Hatimiliki inaonyesha tu kwamba siku fulani jina lako liliandikwa hapo. Kama tangu siku hiyo kuna kitu kimeongezwa, rehani, kosheni (zuio la mtu anayedai haki kwa hiyo ardhi), amri ya korti, jina la mtu mwingine, karatasi yako haitabadilika rangi ikuambie. Sachi ndio inakuambia. Unamuuliza msajili wa ardhi, na unalipia swali lako: leo hii, kwa namba hii ya ploti, kumeandikwa nini? Na Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012, kifungu cha 34, inampa anayeuliza haki ya kujibiwa akishalipa, kwa hivyo huhitaji kujuana na mtu ndani.

Acha niwape ya mama yangu. Ako na ploti upande wa Ruai, na mwaka wa 2005 aliichukulia mkopo wa benki wa karo yetu, akalipa pole pole, akamaliza, benki ikamrudishia hatimiliki yake kwa bahasha. Mwaka wa 2021 tukasema tumfanyie sachi tu, hatuuzi, hatununui. Jina lake sawa, ukubwa sawa, lakini chini kabisa bado kumeandikwa ploti iko rehani kwa ile benki. Mama alikaa chini akasema nililipa mpaka shilingi ya mwisho. Tukafungua bahasha. Nyuma ya hatimiliki kulikuwa na karatasi nyingine imekunjwa mara tatu, iko na muhuri wa benki na sahihi mbili, na yeye miaka hiyo yote alijua ni risiti ya mwisho ya mkopo. Kumbe ni ile hati ya kuondoa rehani, maloya huiita dischaji, na ilitakiwa ipelekwe kwa msajili ikaandikwe. Hakuna mtu alimwambia. Ilikaa kwa sanduku zaidi ya miaka kumi. Loya alitusaidia ikasajiliwa, ilichukua wiki kadhaa na viatu vikaisha, lakini nafikiria ingekuwaje kama tungeigundua mama akiwa hayuko, tunaenda kwa benki kueleza mkopo ambao hata karani aliyeushughulikia ashastaafu. Kwa hivyo wewe kama uliwahi kuchukulia ploti mkopo, hata kama ulimaliza zamani, hii ndio sababu yako ya kufanya sachi wiki hii.

Namba kwanza

Sachi inaanza na namba ya ploti, si jina la mtu. Chukua hatimiliki uangalie juu. Nairobi namba haziko aina moja kwa sababu ardhi ilikuwa inasajiliwa chini ya sheria tofauti tofauti mpaka 2012 zikawekwa pamoja. Kuna za L.R., kama zile nyingi za katikati ya mji zinazoanza na L.R. 209 halafu mkwaju (/), kuna za bloku, Nairobi/Block hivi na hivi, na kuna za upande wa Dagoretti zinazoanza na jina la mahali, kama Dagoretti/Riruta halafu namba. Ukitoka nje ya kaunti ni vile vile, Kajiado/Kitengela na kadhalika. Nakili kila kitu vile kilivyo, mkwaju na nukta, kwa sababu tarakimu moja ikiruka unasoma ploti ya jirani na unafurahia.

Tangu mwisho wa 2020 serikali imekuwa ikibadilisha zile namba za L.R. za Nairobi kuwa za bloku, orodha zinatoka kwa Gazeti Rasmi, na mwenye ploti anatakiwa kurudisha hatimiliki ya zamani apewe mpya. Kama yako bado ni ya L.R. na hujawahi kuulizia, uliza. Ukitafuta na namba ambayo ilishabadilishwa unaweza kuambiwa haipatikani ukashtuka bure. Lakini pia usikae tu ukisema itanifikia, kwa sababu orodha inatoka na watu wanapewa muda wa kulalamika, na kama kuna kosa la jina ama ukubwa huo ndio wakati.

Kama unachoshika ni cheti cha shea cha kampuni ya kununua ardhi, kile kiko na namba ya balloti, yaani kura ya kugawana ploti, hapo hakuna sachi ya serikali inayoweza kukuonyesha jina lako, maana kwa rejista mwenye ardhi bado ni kampuni. Unachoweza ni kufanya sachi ya taito mama, ile ya shamba lote, ujue kama kampuni bado inaimiliki, kama imewekwa rehani, kama iko kortini. Itisha hiyo namba kwa kampuni. Wakikataa kukupa namba ya taito mama, ujue uko na shida, na anza kutafuta loya.

Na barua ya ugawaji, ile ya kusema umepewa ploti, si hatimiliki, hata ikiwa na nembo ya serikali na wino mzuri. Mahakama ya Juu ilisema hivyo Septemba 2023 kwa kesi ya Torino Enterprises, ardhi ya huku Embakasi, kwamba barua peke yake haimpi mtu umiliki wa kuuzia mwingine mpaka masharti yatimizwe na usajili ufanyike. Kuna familia nyingi Eastlands zimekalia barua za babu zikiamini mambo yaliisha. Hayakuisha.

Kuifanya

Kwa ploti za Nairobi njia ni Ardhisasa, ule mfumo wa intaneti uliozinduliwa Aprili 2021. Unafungua akaunti na namba ya kitambulisho na laini ya simu iliyosajiliwa kwa jina lako, unatumiwa namba ya siri kwa simu, unaweka picha, unangoja akaunti ikubaliwe. Ukishaingia unatafuta huduma ya usajili, unachagua sachi, unaandika namba ya ploti, unalipa kwa M-Pesa, jibu linakuja kama faili unaweza kuprinti. Siku zingine mfumo unalala na unangoja, hapo ni uvumilivu tu. Fungua akaunti hata kama huna haja ya sachi leo, na ufungue wewe mwenyewe. Usimwachie kijana wa saiba, lile duka la intaneti, aifungue na laini yake, kwa sababu hiyo akaunti ndiyo mlango wa ardhi yako, na mlango wa nyumba yako huwezi kupea mtu funguo ati kwa sababu ako na kompyuta.

Ploti ambayo rekodi zake hazijaingizwa kwa mfumo, unaenda masijala yenyewe. Za Nairobi ziko Ardhi House, pale Community. Kama ploti iko nje kidogo, Kitengela, Juja, Ngong, usitafute Nairobi, kuna masijala za Kajiado, Ngong, Thika, Ruiru, Kiambu na Machakos, angalia hatimiliki imetoka wapi. Beba nakala ya hatimiliki, nakala ya kitambulisho na pini ya KRA, ujaze fomu ya kuomba sachi, ulipe ada rasmi na uchukue risiti. Lipa ada rasmi pekee. Yule mtu wa kwa korido anayekuambia atakutolea leo leo ukimtoa kitu kidogo, hiyo karatasi atakayokuletea huwezi kujua imetoka wapi.

Na usikubali sachi iliyofanywa na mtu mwingine. Shemeji yangu alikuwa anunue ploti Utawala, broka akamletea sachi safi, iko na muhuri, jina la muuzaji limelingana na kitambulisho, kila kitu. Nikamwambia angalia tarehe. Ilikuwa ya miezi minne nyuma. Tukafanya yetu, na katikati ya hiyo miezi minne mke wa muuzaji alikuwa ameweka kosheni. Pengine yule muuzaji si mwizi, pengine ni mambo ya nyumba yao, lakini shemeji angelipa deposti na usajili ungekwama hapo. Sachi ni ya siku ile imetoka. Kama unanunua, fanya kabla ya kutoa deposti na ufanye tena kabla ya kumalizia malipo.

Kuisoma, mstari kwa mstari

Hapa ndipo watu wanaharakisha. Wanaona jina, wanakunja karatasi. Kaa chini usome yote.

Sehemu ya kwanza ni ya mali yenyewe. Kuna namba, kuna aina ya umiliki na kuna ukubwa. Aina ni mbili: umiliki wa kudumu ama wa kukodi kutoka kwa serikali, ule wa lizi. Kama ni lizi tafuta miaka mingapi na inahesabiwa kutoka lini. Lizi ya miaka 99 iliyoanza 1952 inaisha 2051, na mwenye kuijengea ghorofa leo lazima ajue hiyo hesabu, kuomba kuongezewa muda kunafanywa mapema wala si mwezi wa mwisho. Wa lizi pia anadaiwa kodi ya ardhi na wizara, mbali na ile reti, kodi ya ploti ya kaunti, ya City Hall, na hizo ni deni mbili tofauti.

Ukubwa umeandikwa kwa hektari na hapa ndipo watu wanachezewa. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama hektari 0.0465. Ya 40 kwa 80 ni karibu 0.03. Broka anaita zote "eiti", yaani moja ya nane ya eka, na moja ya nane kamili ni 0.0506, kubwa kuliko hizo mbili. Kwa hivyo toa simu, piga hesabu, linganisha na kile uliambiwa na kile kiko chini. Ukiona 0.03 na wewe umezungushia ua ploti ya 50 kwa 100, kuna jirani mmoja mtagombana naye.

Sehemu ya pili ni ya mwenyewe. Jina, namba ya kitambulisho, tarehe hatimiliki ilitolewa. Angalia herufi. Wanjiru ikiandikwa Wanjiku leo ni kosa dogo, na kwa watoto wako siku ya kurithi ni affidaviti na kesi. Angalia kama jina ni moja ama mawili na mko pamoja kwa njia gani, kwa sababu kuna umiliki ambao mmoja akifa fungu lake linaenda kwa mwenzake, na kuna ule kila mtu ako na fungu lake linalorithiwa na watu wake. Mabwana na mabibi wengi wameandikwa pamoja na hawajui ni gani kati ya hizo. Halafu angalia tarehe ya hatimiliki. Kama ile iliyo kwa sanduku ni ya 1998 na sachi inasema hatimiliki imetolewa 2023, simama hapo hapo, maana kuna nyingine imetolewa.

Sehemu ya tatu ndiyo inaficha moto. Hapo kuna rehani, kuna lizi za wapangaji wa muda mrefu, kuna kosheni, kuna zuio la korti na kuna kizuizi cha msajili. Kosheni huwekwa na mtu anayedai ako na haki fulani kwa hiyo ardhi, mke, ndugu, mnunuzi aliyelipa nusu, na inasimamisha kila kitu mpaka iondolewe. Zuio la korti linatoka kwa jaji. Kizuizi kinawekwa na msajili mwenyewe, kwa mfano akishuku ulaghai. Mwisho wa cheti kuna mahali pa maombi yanayosubiri, mstari mdogo tu ambao huwa mtupu. Usome. Kama kuna mtu amepeleka hati ya kuhamisha ploti yako na haijasajiliwa bado, hapo ndipo unaweza kuiona ikiwa mlangoni.

Kile sachi haiwezi kukuambia

Sachi haijui kilicho chini. Haijui kama bikoni, zile alama za mipaka, zimeng'olewa, haijui kama kuna mzee amelima ploti yako tangu uende Uingereza. Na hii iwashike wenye ploti za mbali: mtu akikaa kwa ardhi yako ya binafsi miaka 12 wazi wazi, bila ruhusa yako na bila kuzuiwa, sheria ya ukomo wa kesi inamruhusu kwenda Korti ya Mazingira na Ardhi aombe iandikwe kwa jina lake. Sachi ilikuwa safi hiyo miaka yote 12. Kwa hivyo nenda, ama tuma mtu wako, zungusha hata waya, na kama unamwachia mtu alime muandikiane ni kwa ruhusa yako na mpaka lini. Ukishuku mipaka chukua seveya (mpima ardhi) aliyesajiliwa, atoe ramani kwa Survey of Kenya Ruaraka, arudishe bikoni akiwa na majirani.

Haikuambii pia kama uko ndani ya nafasi ya barabara, chini ya nyaya za stima, ama ukingoni mwa mto. Kanuni za maji zinataka mita 6 mpaka 30 kutoka kwa mto kulingana na upana wake, na baada ya mafuriko ya 2024 tuliona vile nyumba za kando ya mito hapa mjini zilibomolewa. Hayo yanatafutwa kwa ramani na kwa macho.

Na haikuambii hatimiliki ilizaliwaje. Watu wa Syokimau Novemba 2011 walikuwa na karatasi mikononi na tingatinga zikapita, ikisemwa ardhi ni ya Mamlaka ya Viwanja vya Ndege. Kifungu cha 26 cha ile Sheria ya Usajili wa Ardhi kinasema hatimiliki inaweza kufutwa kama ilipatikana kwa ulaghai, kinyume cha sheria, bila kufuata utaratibu ama kwa njia ya ufisadi. Aprili 2023 Mahakama ya Juu, kwa kesi ya Dina Management ya ploti ya ufuoni kule Nyali, ikakaza zaidi: kama ugawaji wa kwanza kabisa ulikuwa mbovu, mnunuzi wa baadaye hawezi kujificha nyuma ya kusema mimi nilinunua kwa nia njema. Kwa hivyo siku hizi sachi ya leo haitoshi mnunuzi. Itisha nakala iliyothibitishwa ya grini kadi, ile rejista yenyewe, uone kila jina tangu mwanzo na tarehe zake, na kama ploti ilikatwa kutoka kwa kubwa fuata hiyo kubwa pia. Tafuta kama ilikuwa ya shule, ya soko, ya msitu. Ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 iko na orodha ndefu za ardhi ya umma iliyogawanywa vibaya, loya mzuri anaiangalia. Wewe mwenye ploti tayari, fanya hivyo pia kama ulinunua zamani na hukuuliza, ni afadhali ujue ukiwa bado na nguvu za kuita loya kuliko kuamshwa na tingatinga.

Muuzaji akiwa kampuni toa CR12, ile karatasi ya usajili wa kampuni, kwa eCitizen ujue wakurugenzi ni kina nani. Mwenye jina akiwa marehemu, usiongee na mtoto yeyote mpaka akuonyeshe granti, hati ya kusimamia mali ya marehemu, iliyothibitishwa na korti.

Mara ngapi, na ukipata kitu kigeni

Sisi tunafanya ya mama mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai, tunaprinti na tunaiweka pamoja na hatimiliki. Katikati tunaangalia Gazeti Rasmi linalotoka Ijumaa. Kuna ujanja mmoja wa zamani: mtu anaenda kuapa ati hatimiliki yake imepotea, anachukua abstrakti ya polisi, karatasi ya kuripoti kupotea, notisi inachapishwa kwa Gazeti, siku 60 zikipita bila mtu kupinga anapewa mpya. Kumbe ploti ni yako na yako haijapotea, iko kwa sanduku. Tafuta namba yako kwa hizo notisi. Ukiiona, pinga kwa maandishi kwa msajili kabla siku 60 ziishe, na uambatishe nakala ya hatimiliki.

Ukipata jina usilolijua kwa sachi, usimpigie simu huyo mtu wala usiende kwa ploti na vijana. Printi sachi, tafuta loya siku hiyo hiyo, omba msajili aweke kizuizi chini ya kifungu cha 76 cha sheria hiyo hiyo ili hiyo ploti isiuzwe tena kwa mtu wa tatu, halafu uripoti DCI, polisi wa upelelezi, wako na kitengo cha ulaghai wa ardhi. Loya atapeleka kesi korti ya Milimani kuomba zuio la korti. Wakati anaandika, wewe kusanya mkataba wa kununua, risiti za reti za miaka yote, risiti ya stampu diuti (ushuru wa kuhamisha ardhi) na picha za ploti, hata zile za harusi mlipiga mkiwa mmesimama kwa geti, kama ziko na tarehe zibebe.